Volti Moja na Nusu

Amplifaya ya gitaa ya Fender Super Reverb ya mwaka 1965 ina spika nne za inchi kumi, uzito wa kumtegua mtu kiuno, na sauti inayowagombanisha wapiga gitaa watu wazima. Ile iliyofikishwa kwa fundi mmoja wa Kigoma anayeishi Ohio haikuwa mgonjwa mahututi. Mwenyewe, mpiga solo wa bendi ya Wakongo wa jimbo hilohilo, alilalamikia kitufe kinachokwaruza. Kazi ya nusu saa: puliza dawa, zungusha kitufe, pokea hela.

Fundi akaamua kuchungulia na mengine.

Humo ndani, valvu ndogo ya sita, 12AT7, ndiyo kigeuza fezi. Amplifaya hii ina valvu mbili kubwa za 6L6 zinazopokezana kazi mithili ya wapasua mbao kwenye msumeno mmoja: huyu akivuta, yule anaachia. Ili zipokezane hivyo, moja hupewa mawimbi ya gitaa na nyingine hupewa mawimbi yaleyale yakiwa yamepinduliwa. 12AT7 ina nusu mbili ndani ya kioo kimoja. Nusu ya kwanza hupokea sauti moja kwa moja. Ya pili huipata kupitia kathodi wanayochangia, na njiani panapotea kidogo. Ndiyo maana saketi ya Fender huipa ya kwanza rizista ya omu 82,000 na ya pili 100,000. Namba hizohizo zilikuwamo kwenye amplifaya nyingine ya Fender, Bassman ya 5F6-A, na mwaka 1962 Jim Marshall na wenzake wa London walipoinakili Bassman hiyo kuunda amplifaya yao, JTM45, hawakuzigusa.

Lakini fundi alikuwa na mita mpya, na mita mpya haikai kabatini. Aliingiza mawimbi ya hezi 1,000, akapima kwenye mlango wa kila 6L6. Upande mmoja volti 18.5, upande wa pili 20. Volti moja na nusu! Mtu mwingine angefunika boksi akanywe chai. Michoro ya Fender yenyewe inaandika kwamba volti zake zinaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 20, yaani kiwandani hakuna aliyekosa usingizi kwa jambo hili.

Amplifaya ya valvu haiwashwi bila mzigo, la sivyo transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Spika zilikuwa zimeng'olewa, kwa hiyo aliunga rizista kubwa ya omu mbili, akailaza mezani juu ya kitambaa cha plastiki chenye maua. Wati 40 zikipita kwenye rizista zinageuka joto tupu. Maua yalianza kujikunja.

“Baba watoto, unaunguza nini huko gereji?”

“Napima tu!”

Alipima kwa mkono mmoja, wa kushoto ukiwa mfukoni, kama wazee wa kazi wanavyofundisha, ili umeme usipate njia ya kukatiza kifuani. Humo ndani mna zaidi ya volti 400, na kapasita huzihifadhi hata waya ukishachomolewa. Ncha ya mita ilipokaribia mguu wa 6L6, kitu kikamtetemesha paja. Fundi aliruka, akamtaja Mungu na marehemu bibi yake kwa pumzi moja. Ilikuwa simu, mfuko uleule wa mkono wa usalama. Mpiga solo alikuwa anauliza kama kitufe kimepona.

Rizista za zamani, zile za kaboni zilizopauka rangi, zikang'olewa na kutupwa. Zikaingia mpya, pamoja na kirizista cha kurekebisha kwa bisibisi. Akakizungusha hadi pande zote zikasoma volti 19.2. Kwa furaha akabadilisha 12AT7 aweke mpya kabisa, na tofauti ikarudi, kwa sababu nusu mbili za kioo kimoja hazilingani, na kila kioo kina kutolingana kwake. Akazungusha tena.

Mpiga solo alikuja jioni, akachomeka gitaa, akapiga kidogo, akanyamaza.

“Fundi, umeifanya nini? Imekuwa kama redio ya ofisini.”

Hakuwa anazua. Valvu mbili zikisukumwa sawasawa, hamoniki za shufwa zinazozaliwa humo hufutana kwenye transfoma. Anayetengeneza amplifaya ya kusikilizia santuri hushangilia. Mpiga gitaa mara nyingi hizo ndizo anazoziita utamu.

Pipa la taka likapinduliwa sakafuni. Kati ya miiba ya samaki na majani ya chai zikapatikana rizista mbili za kale. Ile iliyoandikwa 100,000 ilipimwa ikaonyesha 112,000, maana kaboni ikizeeka hupanda. Zote mbili zikapanguswa, zikalehemiwa mahali pake. Mpiga solo akapiga tena, akacheka, akalipa bila kuomba punguzo.

Kisha akataja kwamba nyumbani ana amplifaya nyingine, Vox AC30, ambayo rizista zote mbili za kigeuza fezi ni 100,000.

“Zote mbili?” fundi akauliza, mkono ukiwa tayari umeshika mita. “Mbona hiyo lazima haijalingana! Ilete kesho.”