Zukini Haina Mnunuzi, Mwaitu

Lowell, Massachusetts
Agosti

Mwaitu, mama yangu, na nyote mlioko bomani Nuu,

Mimi ni mzima, ila chakula kinanisaka. Najua hakuna mtoto wa Ukambani aliyewahi kuandika maneno hayo, kwa hivyo yasomeni polepole, mkimaliza mumsomee susu, bibi yetu, kwa sauti. Friji imejaa. Beseni la kufulia lina nyanya. Chini ya kitanda kuna zukini. Juzi mgeni alipokuja nilimwonyesha kiti kilichojaa matango, nikamwambia akitaka kuketi hapo ayabebe aende nayo kwake. Alisimama jioni nzima.

Habari yenyewe ni hii. Mjini hapa kuna bustani za jamii, mtu anapewa kipande chembamba cha ardhi alime msimu mmoja. Watu hupanda mwisho wa Mei baridi ikishaondoka, na ikifika Oktoba jalidi huua kila kitu. Nami nilipanda jinsi mlivyonifunza: mbegu tatu kwa shimo, moja ya ndege, moja ya ukame, moja ya kuliwa. Ndege hawakutokea, na ukame pia haukutokea. Mwezi wa Juni jua la huku huchomoza saa kumi na moja alfajiri na halizami hadi saa mbili na nusu usiku. Mmea haupati hata nafasi ya kusinzia. Zikaota zote tatu, katika kila shimo. Jirani wa bustani akaniambia ning'oe mbili. Mtu wa Nuu ang'oe mmea unaokua, tena mvua inanyesha! Nilimwangalia tu.

Kwa wasioijua, zukini ni ndugu wa boga, ila ana haraka zake. Asubuhi unaona ua la manjano, kesho kutwa kuna kitu cha kuchumwa. Ile iliyojificha chini ya jani utaigundua baada ya siku chache imenenepa kama paja la mtoto anayenyonya, ganda gumu, ndani maji na mbegu. Ukiitia sufuriani inanywea na kukuachia mchuzi ambao hukuuomba.

Hata wenyeji zimewashinda. Wana utani kwamba vijijini watu hawafungi magari yao kwa ufunguo mwaka mzima isipokuwa Agosti, kwa sababu ukirudi utakuta mtu amekuwekea zukini kwenye kiti. Bwana mmoja wa Pennsylvania, Thomas Roy, alibuni hadi siku yake maalum: usiku wa tarehe 8 Agosti unanyemelea baraza la jirani, unamwachia zukini, unatoroka. Huko kwetu ukionekana uani mwa mtu usiku umebeba kitu, utajieleza kwa chifu. Huku unajieleza ukikataa kukipokea.

Aliyeniokoa kidogo ni mama mmoja Mkambodia tunayepakana naye bustanini. Lowell ina Wakambodia wengi, waliokimbia vita na mauaji ya kwao miaka ya 1970 na kuendelea. Huyu mama hana haja na zukini wala tunda lolote, anataka majani machanga ya malenge yangu na vile vikonyo vinavyotambaa. Anavichuna nyuzi kuanzia kwenye kikonyo kushuka jani, vidole havisiti, sawasawa na mwaitu akiwa mlangoni mwa jikoni. Kiingereza chake na changu ni vya kuombana chumvi tu, lakini hapo tulielewana kabisa. Alinilipa kwa mchaichai, mafungu mawili makubwa. Sasa nina mchaichai wa kupindukia pia.

Nikasema nitapeleka kanisani. Wakenya tuko wengi hapa, ibada ikiisha watu hupiga gumzo hadi jioni. Kumbe kila mmoja alikuwa na wazo lilelile! Mezani kulikuwa na sukuma wiki, managu, nyanya, na zukini za watu wazima wenye kazi zao, na hakuna aliyekuja na mfuko mtupu. Mzee mmoja mwenye busara akatangaza mnada wa kuchangia jengo. Mnajua mnada wa kanisa unavyokwenda: anayeshinda hulipa, halafu kwa moyo mkunjufu hurudisha kitu kiuzwe tena. Zukini yangu moja iliuzwa na kurudishwa mpaka sauti ya mnadishaji ikakauka. Sijawahi kuona watu wakitoa dola kwa furaha namna ile ili wasipewe kitu. Mhazini alikuwa anachekelea. Nilipofika kwenye gari nikaikuta kwenye kiti cha nyuma, na wenzake watano ambao hatukujuana.

Kuna wanaohifadhi kwenye mitungi ya kioo, ile ambayo John Landis Mason aliipatia hataza mwaka 1858. Nyanya unazitia maji ya limau, unafunika, unachemsha mtungi mzima. Nilichemsha siku moja ambayo nje kulikuwa na joto la Tseikuru. Sitaki kulizungumzia.

Lakini nilipokuwa nikikoroga nilikumbuka maembe yenu. Yale ya Tommy na Kent mnayopandikiza huko asili yake ni Florida. Hao Wamarekani walihamia Ukambani, wakapewa shamba, wakazaa. Mimi nimekuja kwao na bado ninaazimwa kijisehemu cha bustani. Dukani hapa Tommy anatoka Meksiko, amejaa nyuzi, na anauzwa mmojammoja na kibandiko juu. Huko kwenu Januari anaokotwa na mbuzi, na broka anafika na lori na bei yake kichwani, akijua embe halimsubiri mtu. Kuanzia 2014 hadi 2021 Kenya ilijizuia hata kuyapeleka Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda. Kiwanda cha Kalamba kule Makueni kinasindika, ndiyo, lakini nauli ya kutoka Nuu ingemaliza hela kabla lori halijafika. Zukini zikiniozea mimi ninacheka, nina mshahara. Yenu yakioza ni karo ya watoto.

Kwa hivyo msimu huu msimngoje broka. Yale yaliyoiva bila kulainika myakate vipande vyembamba, myaanike kwenye uchanja, si chini, na chandarua juu nzi wasitue. Majani ya kunde mnayakausha kila mwaka, embe si mgeni. Nitatuma pesa za wavu na mbao wiki ijayo.

Binamu ameniomba mbegu za zukini. Mwambieni hapana. KEPHIS, wale wakaguzi wa mimea, wanataka cheti cha afya ya mimea, na mimi nataka kukaribishwa nyumbani Desemba.

Ni mimi mtoto wenu.