Kichwa cha Shemeji na Maendeleo ya Sayansi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mheshimiwa Mtendaji, wajumbe wa mashina, kina mama wa vikoba, vijana wa kijiwe cha bodaboda, na wewe dada wa saluni uliyekaa nyuma ukakunja mikono kabla hata sijafungua kinywa: itifaki imezingatiwa. Kwa upande wangu imezingatiwa. Kwa upande wa mshereheshaji haikuzingatiwa hata kidogo, maana amenitambulisha kwa kusema, "Sasa huyu mzee atatuambia mawili matatu kuhusu nywele." Mzee! Mawili matatu! Nilimwandikia karatasi. Karatasi ilisema: Mtaalamu Mwandamizi wa Rangi na Vichwa, Mtafiti Huru, Mshauri wa Kimataifa. Hilo la kimataifa msilibeze. Nimewahi kumshauri kwa simu binamu yangu aliyeko Muscat kuhusu nywele za mkewe, akanishukuru sana, na tangu siku hiyo simu yake haipatikani.

Mada yetu ni kublichi nywele nyeusi na kuzipaka rangi kali, nyumbani kwako, bila kumpa msusi hata senti. Ili tusipoteze muda nimeshaanza. Kijana huyu aliyekaa mbele yenu na mfuko kichwani ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, dereva wa bodaboda, Simba damu hapa nyumbani na Chelsea kule Uingereza. Anataka nywele za bluu kwa ajili ya Chelsea. Dawa iko kichwani mwake tangu kabla hamjaingia ukumbini. Nitaikagua nikifika mahali pake katika hotuba.

Mheshimiwa Mtendaji ananikumbusha kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Mheshimiwa, sheria naiheshimu kuliko wengi waliomo humu. Kikiwa na nyanya ndani, kile ni mfuko. Kikiwa na shemeji ndani, ni kifaa cha maabara. Tuendelee.

Naanza na historia, kwa sababu historia na mimi tumetoka mbali. Peroksaidi ya haidrojeni, ile inayong'oa weusi wa nywele, iligunduliwa na Mfaransa Louis Jacques Thénard mwaka 1818. Mimi niliingia kwenye fani baadaye kidogo. Mwaka 1867, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, mkemia mmoja wa London na msusi mmoja wa Paris waliwaonyesha watu jinsi maji hayo yanavyogeuza nywele. Angalieni jambo hilo kwa makini: walihitajika wawili! Mkemia peke yake hakutosha, msusi peke yake hakutosha. Leo mbele yenu wamesimama wote wawili ndani ya koti moja.

Dada wa nyuma anauliza, kati ya hao wawili waliomo kwenye koti, ni yupi aliyesomea. Swali zuri, ingawa sikuliomba. Cheti ninacho, nimekitia kwenye fremu, kiko sebuleni. Kinasema nilihudhuria. Semina yenyewe ilihusu utengenezaji wa sabuni ya maji, lakini mtu yeyote mwenye akili anajua kwamba sabuni na nywele hazikuanza kujuana jana.

Sasa sayansi. Weusi wa nywele haukupakwa juu. Uko ndani ya unywele, unaitwa melanini. Ziko aina mbili, moja ya weusi na kahawia, nyingine ya wekundu na manjano. Dawa huimaliza kwanza ile nyeusi. Ile nyekundu ni kaidi, hubaki ikibishana. Ndiyo maana nywele zetu hazitoki kwenye weusi zikarukia weupe: zinapita kahawia, zinapita nyekundu, zinapita rangi ya machungwa, zinapita njano kali, na ukijaliwa zinafika njano iliyofifia kama ya ndani ya ganda la ndizi. Hapo tu ndipo bluu ikipakwa inabaki bluu. Ukiipaka juu ya njano kali unapata kijani. Sheria hii niliigundua Jumapili iliyopita kwenye kishungi cha mbele cha shemeji. Shemeji, inamisha kichwa kidogo, waone kile kinachochungulia chini ya mfuko. Mmeona? Kijani kibichi. Analalamika kwamba kijiweni wameshamkatia kadi ya Yanga. Kijana, Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba ikafuata 1936. Wewe umetangulizwa mbele mwaka mzima na bado unanung'unika.

Dada anasema majaribio hufanywa kwenye kishungi kidogo cha kisogoni, mahali pasipoonekana. Kisogoni! Usiri wa namna hiyo ndio unaoliangusha taifa. Mimi hujaribia kwenye paji la uso, kwa uwazi na uwajibikaji.

Tuje kwenye namba. Chupa za peroksaidi zimeandikwa volyumu 20, 30, 40, na nimeona watu wazima wakisimama dukani wanababaika. Hakuna cha kubabaikia. Namba ile ni umri wa mtumiaji. Kijana wa miaka 20 achukue 20. Mimi, ambaye ndiyo kwanza nabisha hodi kwenye 40... Nani amecheka? Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ulinzi wa kiti. Kumbe aliyecheka ni kiti chenyewe. Ni kweli, Mheshimiwa, tulisoma darasa moja, na ni kweli wewe umestaafu. Lakini wewe ulichelewa kuanza shule. Nilikuwa nasema: mimi hutumia 40, na shemeji, ingawa ana miaka 23, nimemwekea 40 kwa heshima ya familia.

Dada anasema hapana. Anasema volyumu 20 maana yake ni kwamba lita moja ya maji yale hutoa lita 20 za oksijeni, sawa na asilimia 6 ya peroksaidi. 30 ni asilimia 9, na 40 ni asilimia 12. Anasema nywele za shemeji zilihitaji 20 na subira, zipumzishwe, zirudiwe siku nyingine, na kwamba 40 haikai karibu na ngozi ya kichwa. Nashukuru, dada. Ni kama nilivyosema: asilimia 12 si ya watoto.

Anauliza pia nimekorogea dawa kwenye nini. Kwenye sufuria, dada. Ya alumini. Ile ya pilau, ambayo mke wangu anaitafuta tangu asubuhi, na naomba jambo hilo liishie humu ndani. Ilianza kupata moto yenyewe, bila jiko, ikatoa povu, nikajua hapa tumegundua na nishati mbadala. Anasema chuma cha sufuria ndicho kinachoichokoza peroksaidi ivunjike ovyo, na kwamba saluni hutumia bakuli la plastiki au la kioo. Saluni wana mitaji. Mimi namzungumzia mwananchi wa kawaida, mwenye sufuria ya mke wake.

Mama mmoja wa vikoba anakohoa. Anaomba madirisha yafunguliwe na pangaboi liwashwe, kwa kuwa unga wa blichi unamkaba. Dada anadakia kwamba unga ule una pasalfeti, unawasha mapafu, na mwenye pumu hapaswi hata kukaa karibu. Haya, dirisha moja lifunguliwe, ingawa nilikuwa nimeyafunga yote kulinda siri za utafiti. Lakini pangaboi haliwashwi. Nimesema haliwashwi. Pangaboi la ukumbi huu halina adabu kwa kofia.

Na kwa kuwa sasa wote mnaitazama kofia, niseme mara moja niendelee. Wanazuoni huvaa kofia. Haihusiani hata chembe na utafiti uliofanyika mwaka jana, ambapo mtafiti mmoja, ambaye staha inanizuia kumtaja, alitaka kubana matumizi akajipaka jiki, akiamini kwamba kinachong'arisha mashuka hakiwezi kushindwa na kichwa. Kwa niaba yake natamka: jiki haichuji rangi ya nywele. Inayeyusha nywele. Zile za utosini ziliondoka na maji ya beseni, na zilizobaki mtafiti yule anazijua kwa majina. Msiipake kichwani. Msiichanganye na chochote. Hapo dada wa nyuma amenitikisia kichwa kwa kukubali kwa mara ya kwanza leo, na naomba mwandishi wa kikao alinukuu hilo.

Nani huyo amesema mambo ya rangi ni ya wasichana? Kaa chini, kijana, nikusomeshe mpira. Kombe la Dunia, Ufaransa, 1998. Timu ya Romania yote ilijiblichi nywele zikawa dhahabu tupu. Wakaingia uwanjani wanang'aa, wakaichapa Uingereza 2–1! Hiyo ndiyo nguvu ya peroksaidi! Nini tena? Kijana anasema Uingereza waliichapa nywele zikiwa nyeusi. Anasema hata Kolombia waliifunga 1–0 nywele zikiwa nyeusi. Walijiblichi baada ya kufuzu, wakatoka sare 1–1 na Tunisia iliyokwisha kuaga mashindano, kisha Kroatia ikawarudisha kwao kwa penalti ya Davor Šuker. Kijana, zima hiyo simu. Wewe unatazama matokeo. Mimi nazungumzia muonekano.

Shemeji anasema kunachoma. Nakuja, shemeji.

Kuna mama amenyoosha mkono. Anasema kwenye harusi ya dadake alichorwa piko mkononi, mkono ukavimba ukatoa malengelenge; je, akichoka rangi kali anaweza kurudi kwenye rangi nyeusi ya boksi? Mama, paka bila... Dada anasema asithubutu. Anasema piko na rangi nyeusi za boksi mara nyingi zina kemikali ileile, PPD, na ngozi iliyoikataa mara moja haisahau. Mara ya pili hukasirika zaidi, na safari hii ni usoni na machoni. Anasema hata mtu mzima wa afya hujaribu tone nyuma ya sikio, akasubiri saa 48. Saa 48! Mimi nilichumbia na kuoa kwa muda mfupi kuliko huo. Ila mama amfuate dada kwa maelezo zaidi, kwani na mimi ningesema hivyohivyo.

Shemeji anasema kunachoma sana. Shemeji, wewe ni mwanaume. Wewe unapita Shekilango usiku pikipiki haina taa. Vumilia aya mbili.

Dada anauliza nilianzia wapi kupaka. Nilianzia kwenye mashina, kwa sababu kila jambo la maana nchi hii huanzia kwenye shina, na wajumbe wako hapa ni mashahidi. Anasema joto la kichwa huifanya dawa iende mbio zaidi kwenye mashina, ndiyo maana wenzangu hupaka katikati na ncha kwanza, mashina mwisho, na masikio hupakwa mafuta mazito kabla ya yote. Sikuyapaka masikio mafuta. Shemeji alikuja na masikio yake, nikayaacha nilivyoyakuta.

Anauliza swali la mwisho: nywele hizi zimewahi kulainishwa kwa dawa? Jibu, shemeji, usiogope. Anasema ndiyo, saluni ya kiume, juzi Alhamisi, ili wakati wa kupaka bluu ziwe zimelala vizuri. Mnaona maandalizi? Mnaona nidhamu ya... Dada, mbona umesimama? Anasema dawa ya kulainisha inavunja viungo vya ndani ya unywele, blichi inavunja vilivyobaki, na kati ya moja na nyingine hupita wiki mbili kwa uchache, au bora uchague moja uachane na nyingine. Dada, kuna utaratibu wa kuchangia mada, unapitia kwa mwenyekiti... Mwenyekiti ndiye anayemshika mkono shemeji. Sawa.

Bomba halitoi maji. Hilo halimo kwenye hotuba yangu. Wanatumia chupa za maji za meza kuu. Dada, ile ya mwisho ni ya mtoa mada! Haya, mimina. Kwa mlio mbali, nawasimulia: mfuko umevuliwa, mama wa vikoba ametoa kanga yake, maji yanapita. Mashina ni njano ya mayai, katikati ni rangi ya machungwa, mbele bado kijani. Dada amechukua unywele mmoja kati ya vidole viwili anauvuta taratibu. Unarefuka, haurudi, umekatika. Amechukua mwingine. Na huo. Sasa vijana wa Yanga wamesimama wanashangilia njano na kijani kichwani mwa mtu wa Simba, na mimi makofi hayo nayapokea kwa unyenyekevu.

Naona ukumbi mzima umehamia kwa dada. Hiyo, ndugu zangu, huitwa mafunzo kwa vitendo, na ni mbinu yangu. Posho ya mtoa mada nitaichukua kwa Mheshimiwa Mtendaji. Mheshimiwa Mtendaji anasema posho na faini ya kifaa cha maabara zimekwenda sare. Mke wangu amefika mlangoni; sufuria iko chini ya meza, mpeni, na mwambieni nimetoka.

Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, hapa hapa, nitawasilisha mada mpya: kunyoa kipara nyumbani bila kumpa kinyozi hata senti. Wembe naleta mwenyewe. Kichwa cha mfano kitatafutwa miongoni mwa... Nani amewasha pangaboi?