Hongera, Umeshinda! Hila Saba za Bafere wa Barua Pepe

Barua inaingia usiku kwa herufi kubwa: HONGERA! Anwani yako imejishindia pauni laki nane na nusu. Na wewe hapo Wandegeya, Kampala, una deni la ada ya muhula, mwenye nyumba naye anapiga simu tangu asubuhi. Bafere, yaani matapeli, wanaijua sana shida hiyo, ndiyo mtaji wao. Basi tuwahesabie hila zao, tuanze na ile nyepesi tushuke hadi inayoumiza.

7. Umeshinda mchezo ambao hukucheza

Bahati nasibu ya taifa ya Uingereza ilianza mwaka 1994, na mshindi wake ni mtu aliyenunua tikiti. Eti kompyuta ilichagua anwani yako bila wewe kujua! Kompyuta gani hiyo yenye huruma na watu wa Kisenyi kiasi hicho?

6. Kiingereza kilichovunjika miguu

Tunayacheka makosa ya barua hizi tukidhani mwandishi ni mjinga. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alieleza kwamba upuuzi ule ni chujio. Barua isiyoaminika huwafukuza wajanja mapema, tapeli akabaki na wachache walio tayari kuamini, asipoteze muda wake na wewe unayecheka. Aliyebaki kwenye chujio ni mjane mwenye haraka au kijana asiye na kazi, na mimi siwezi kumcheka huyo. Isitoshe, siku hizi programu za kompyuta zinawaandikia Kiingereza kilichonyooka kabisa. Barua safi nayo si ushahidi wa kitu chochote.

5. Jina kubwa, anwani ndogo

Gavana wa Benki Kuu anakuandikia kwa Gmail? Ofisi yote ile ya Kampala Road imekosa anwani? Benki Kuu ya Uganda hutumia bou.or.ug, na mamlaka ya mapato, URA, hutumia ura.go.ug. Soma kilichoandikwa baada ya alama ya @ mpaka herufi ya mwisho. Hata hapo usitulie, maana jina la mtumaji huweza kughushiwa. Itafute namba ya ofisi mwenyewe, uipigie. Usiitumie ile iliyomo kwenye barua. Na Benki Kuu haifungulii raia akaunti, sembuse kumtunzia mamilioni.

4. Cheti chenye mihuri mitatu

Mji wenye Nasser Road, mtaa wa wachapaji, hautishwi na muhuri.

3. Green Card imekuangukia

Hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu bahati nasibu ya viza ya Marekani ni ya kweli, na uongo ulioegemea ukweli ndio mgumu kuutambua. Utaratibu wake ni huu: hakuna anayetangaziwa ushindi kwa barua pepe. Mwombaji hujitazamia mwenyewe kwenye tovuti ya serikali, inayoishia na .gov, kwa namba ya uthibitisho aliyopewa siku aliyojiandikisha. Ada ya viza hulipwa ubalozini, haitumwi kwa Western Union wala kwa simu ya wakala.

Na hiyo namba ya uthibitisho, ndugu yangu, ukijaziwa fomu kwenye kafe ya intaneti usiondoke bila kuichukua. Wapo wanaobaki nayo, na ukichaguliwa kweli wanakuuzia bahati yako mwenyewe!

2. Lipa kidogo, upokee nyingi

Kwanza ni ada ya kutuma. Ukishalipa, inakuja bima, kisha kodi, halafu cheti cha kuthibitisha kwamba pesa si za ugaidi. Kila ukilipa, mlima unaongezeka kimo. Waambie hivi: kama nimeshinda laki nane na nusu, kateni ada yenu humohumo mniletee inayobaki. Utaona watakavyochacha.

Kodi halali ya URA hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa kwenye tovuti yake, ambayo hufupishwa PRN. Haiendi kwenye simu ya mtu. Tena ukituma pesa kwa simu, tazama jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Huyo anayejiita wakili wa London, mwenye ofisi karibu na mto Thames, mbona laini yake ya simu ni ya hapahapa Uganda?

Pesa ikishavuka mpaka, kuirudisha ni shida kubwa. Januari 2017 Western Union yenyewe ilikubali nchini Marekani kutoa dola milioni 586 baada ya kukiri kwamba haikuwazuia matapeli waliopitishia pesa kwake, wakiwemo wa bahati nasibu za uongo.

1. "Usimwambie mtu yeyote"

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, na watu huipita bila kuiona. Barua inakusihi uifanye siri, eti mtu asije akadai zawadi yako. Kumbe anayeogopwa ni dada yako, ambaye angesoma mistari miwili tu akapiga kelele. Siri hiyo ndiyo inayomfanya mtu auze kiwanja bila mke wake kujua. Akishaliwa, aibu inamnyamazisha, na bafere wanapata nafasi ya kumrudia. Kwa hiyo mwonyeshe mtu barua hiyo leo: jirani au mwalimu.

Ikiwa umeshalipa, usifute barua wala ujumbe wa malipo. Piga 100 kwa kampuni yako ya simu saa hiyohiyo, kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu au makao makuu ya upelelezi, Kibuli. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inaweza kumpeleka tapeli wa mtandaoni gerezani hadi miaka 15, ila polisi hawawezi kumfuata mtu ambaye hakuna aliyemshtaki. Na wiki chache baadaye akikuandikia "afisa" anayeahidi kukurudishia pesa zako zote kwa ada ndogo tu, ni walewale. Namba yako ya simu bado wanayo.