Ngozi Haifumuliwi

Shemeji yangu hufua visu kwa springi za magari chakavu. Visu vizuri kweli, ila alikuwa anaviuza vikiwa vimeviringishwa kwenye gazeti. Siku mteja aliporudi akiwa amekata mfuko wa suruali, na pamoja na mfuko vitu vingine ambavyo hakutaka kuvitaja mbele yangu, ukoo ukakaa kikao: visu vitafutiwe ala, na mshonaji yupo. Wote wakanigeukia. Mimi nimeshona sare za shule, madera ya harusi, hata suti ya mwenyekiti wa mtaa ambaye kiuno chake kilibadilika kila nikipima. Cherehani si ni cherehani? Nikakubali. Sifa ni tamu, na chai ilikuwa na maziwa.

Ikanunuliwa mashine ya mkono, ile nyeusi ya chuma kizito ambayo mafundi viatu huiweka chini ya mwamvuli kando ya barabara. Ilifika ikiwa na grisi nje na chembechembe za chuma ndani, na karatasi ya maelekezo yenye mchoro wa mtu anayetabasamu. Huyo mtu simwamini mpaka leo. Ukizungusha gurudumu lake ilitoa mlio uliomfanya jirani aje kuuliza kama tumefungua mashine ya kusaga.

Nikaenda kwa mzee mmoja fundi viatu, karibu na soko la Kilombero hapa Arusha. Yeye anatumia Singer 29K, na ukimpa nafasi atakueleza kwamba hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda kule Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekufa, mashine inashona. Nikamwamkia, nikaketi, nikashika gurudumu kwa madaha ya mtu mwenye ujuzi wake.

"Mwanangu," akasema, "mbona unaizungusha ngozi?"

Kwa sababu ndivyo kushona kulivyo! Kwenye nguo, meno yaliyo chini ndiyo yanayovuta kitambaa, na ukifika kwenye kona unageuza nguo. Mashine hizi za viraka hazina meno chini. Mguu wenyewe ndio unaokanyaga ngozi na kuisogeza, nao unazunguka duara zima; ukitaka kwenda kushoto unageuza mguu, ukitaka kurudi nyuma kufunga mshono unageuza mguu. Sisi tuliozoea kugeuza kitambaa tunageuza ngozi, mguu nao umeelekea kwingine, na mshono unaondoka na kwenda unakotaka wenyewe. Ala yangu ya kwanza ilikuwa na mshono ulioanzia mdomoni, ukatembelea katikati, ukatokea ubavuni.

Nikasema basi, nafumua, narudia. Mzee akaniangalia kwa huruma, kimya, akaendelea kugongea soli.

Hapo ndipo ngozi inapotofautiana na ndugu zake wote dukani. Sindano ya nguo hupita kati ya nyuzi. Ukiitoa, ukapiga pasi, hakuna ushahidi. Ya ngozi ina ncha yenye makali, nayo inakata. Tundu likishapigwa limepigwa. Ukifumua unabaki na matundu, ukishona tena pembeni unaongeza matundu, na yakisongamana unapata stempu: unavuta kidogo, inachanika kwa mstari ulionyooka kuliko mshono wenyewe. Pini zangu za kushikizia, ambazo nilizipanga kwa upendo pembezoni mwa ala, nazo ziliacha matundu yake. Sasa natumia solusheni na vibanio vya kuanikia nguo. Kamba ya kuanikia imebaki haina kitu, na nguo za watoto huokotwa kwa jirani.

Halafu kuna unene. Ala si tabaka mbili kama mtu anavyodhani. Kati ya uso na mgongo, upande wa makali, hulazwa ukanda mwembamba wa ngozi ili kisu kikiingia kikutane na ukanda huo badala ya kukata uzi. Ngozi ya milimita 3, mara tatu, ni milimita 9, na mashine yetu ikifika hapo mguu hauinuki tena. Unasukuma gurudumu, gurudumu linakusukuma. Dawa yake ni kuchonga kingo kwanza zipungue, au kutumia ngozi nyembamba zaidi, na hapo katikati kuna sindano zilizovunjika ambazo shemeji anaziandika kwenye daftari kwa wino mwekundu.

Ngozi yenyewe tunatumia iliyodabaghiwa kwa magome ya miwati, ile miti inayolimwa sana kule Njombe. Inasimama imara, na ukiilowesha inakubali umbo la kisu. Harufu yake, hata hivyo, haikubali umbo la chumba cha kulala. Mume wangu amesema hilo zaidi ya mara moja.

Siku niliyopata mshono mnyoofu, kifundo kimejificha katikati ya ngozi kama inavyotakiwa badala ya kuning'inia chini, nilimpelekea mzee mbio. Akaigeuza, akaigeuza tena, akaivaa kiunoni. Akavua miwani, akacheka mpaka wauza ndizi wakasogea. Nilikuwa nimechora chaki upande wa ndani, kama fundi nguo yeyote mwenye adabu zake anavyofanya ili chaki isionekane. Sasa ukichora ndani, nje inatoka kinyume. Ilikuwa ala safi kabisa ya mkono wa kushoto.

Shemeji aliining'iniza dukani akiwa amenuna. Haikulala. Ilinunuliwa na muuza nyama mmoja mashoto, ambaye miaka yote amekuwa akichomoa kisu kwa kuvuka tumbo lake mwenyewe, na tumbo si dogo. Hakuomba hata kupunguziwa bei. Keshoye akaja na binamu yake, mashoto vilevile. Kumbe ni ukoo mzima, na wana mabucha.

Kwa hiyo tunachora ndani, kwa makusudi, na shemeji ameanza kuwaambia watu kwamba tangu mwanzo biashara ilikuwa ya mashoto. Juzi amekuja mteja wa mkono wa kulia. Aliombwa radhi, akapewa kiti na soda, akaelezwa kwamba huduma yake bado tunaifanyia utafiti.