Kura Zilimkalisha Wonder Woman

Msyuuu! Eti Superman hana kikomo. Tangu lini? Tua kikombe hicho, dogo, usikilize. Jerry Siegel na Joe Shuster walipomtoa kwenye Action Comics mwaka 1938, jamaa hata kupaa hakujua. Alikuwa anachupa tu, mita mia mbili hivi, halafu anatua kama sisi wengine. Ngozi yake ilizuia vitu vingi, lakini mzinga ukipasuka palepale, hilo lilikuwa jambo jingine. Kupaa kulikuja baadaye. Na kriptonaiti, lile jiwe la kumlegeza, lilianzia kwenye mchezo wa redio mwaka 1943. Walishamjaza nguvu kupita kiasi, ikabidi watafute cha kumwangusha, maana mtu asiyeumia utamwandikia nini?

Mwenzako hapo anang'ang'ania Hulk. Hoja yake naielewa: Hulk akikasirika nguvu zinapanda, na hasira haina dari. Basi mbona mwaka 1996, Marvel na DC walipowagonganisha, Superman alimshinda? Kura, bwana! Mapambano matano waliwaachia wasomaji wapige kura. Wolverine alipambana na Lobo nyuma ya kaunta ya baa, hatukuoneshwa hata konde la maana, mara Wolverine huyo anainuka peke yake. Aa-aa. Hayo ni matokeo ya kutangaziwa.

Lakini lililoniuma ni la Storm na Wonder Woman. Najua, Storm mama yake Mkenya, na wa Mombasa wote kijiweni hapa walishangilia kama wamechangia mahari. Sawa. Ila Wonder Woman alikuwa ameshaiokota nyundo ya Thor, ile isiyoinuliwa na kila mtu, akaiweka chini mwenyewe ili pambano liwe la haki. Akapigwa radi akalala. Mtu anatupa silaha kwa heshima, sisi tunasema kazidiwa uwezo? Msyuuu!

Pambano ninalolikubali mimi ni la mwaka 1978, Superman na Muhammad Ali. Waliwekwa chini ya mwanga wa jua jekundu, Superman nguvu zote zikamtoka, wakabaki wanaume wawili na glovu. Ali akamtwanga, tena vibaya. Hapo hakuna wa kulalamika, kwa sababu kila mtu alijua masharti kabla kengele haijalia.

Kwa hiyo wewe wa Hulk, kabla hujapandisha sauti tena, taja masharti. Jua la rangi gani? Huyo Hulk wako ameamka na hasira au bado anapiga miayo? Superman anaruhusiwa kumbeba akamtupe anga za mbali, au ni ngumi tu? Na Batman asiingizwe na mtu hapa kwa kisingizio cha "akipewa muda wa kujiandaa". Hata mimi nikipewa muda wa kujiandaa nampiga Batman.