Norwei Imekataliwa na Kompyuta

Ndugu yangu, sogea kwanza, hiyo soda utaimaliza baadaye. Si unajua kazi yangu pale ofisini Moshi? Kupanga wapagazi wa mlimani. Nani abebe hema, nani abebe gesi. Basi. Ila kuna siku nilionekana nachomoa karatasi iliyokwama kwenye printa, na tangu hapo mimi ndiye mkuu wa kompyuta. Mshahara ule ule.

Juzi bosi kasema tuwaongeze wageni wa Norwei kwenye programu ya kubuki safari. Kazi ndogo, kasema. Kuna faili la mipangilio, limeandikwa kwa YAML, nchi zimepangwa kwa herufi mbili mbili: TZ, KE, SE. Nikaongeza NO. Ndizo herufi za Norwei, sikuzitunga mimi. Nikawasha. Ikawaka. Haikuguna, haikulalamika. Nikaenda nyumbani nikala mtori kama mtu mwenye akili zake.

Usiku wa manane, simu. Bosi. Mgeni kachagua safari, kadi iko mkononi, programu imemfia mbele ya macho. Nafungua laptopu, nakuta maandishi ukurasa mzima. Majina ya mafaili sijawahi kuyaona. Mistari ya watu wengine kabisa. Chini kule imeandikwa kwamba kitu cha aina ya bool hakina lower. Sasa huyo bool ndiye nani? Nikazima, nikawasha, maana elimu yangu inaishia hapo. Nikafuta vumbi kwenye kibodi. Bosi yuko hewani anasikia yote, hata mke wangu aliposema, "Baba Neema, lala tu, hiyo kitu huiwezi."

Asubuhi dogo aliyeiandika ile programu akapokea simu. Kacheka mpaka kakohoa. Kumbe YAML toleo la 1.1, la mwaka 2005, ikikuta NO inaisoma "hapana". Siyo nchi tena, ni jibu la kukataa, ndiye yule bool! Na ugonjwa unajulikana, una mpaka jina, tatizo la Norwei. Toleo la 1.2 la 2009 lililiondoa, lakini laibrari kama PyYAML bado zinasoma kizamani. Dawa yake ni kuifunga NO kwa alama za kunukuu. Vialama vile vidogo ndivyo vilivyoninyima usingizi.

Mimi sijui kompyuta, hilo tulishakubaliana. Ila zenyewe si zinajua? Zinajua zimesoma faili gani, mstari wa ngapi. Zinajua zilitaka herufi mbili, zikapata "hapana". Si ziseme! "Mzee, faili la nchi, mstari wa 4, hapa nilitaka nchi, umenipa hapana, hebu weka alama za kunukuu." Zingepungukiwa nini? Tena ziseme pale pale ninapowasha, bosi hayupo, aibu iwe yangu na ukuta. Hii ya kuitikia kila kitu halafu kukuumbua mbele ya mgeni ni tabia ya shemeji.

Dogo ananifariji eti zamani ilikuwa mbaya zaidi. Ken Thompson, yule wa Unix, mwaka 1969 aliandika ed, programu ya kuhariri maandishi. Ukikosea inakujibu alama ya kuulizia. Moja. Basi. Mimi nimeipenda. Angalau inakiri tuko wawili tusiojua.

Haya, nikaweka alama zangu za kunukuu. Mstari nikausogeza kwa kitufe cha Tab, ukae kistaarabu. Kuwasha, imegoma. Lakini safari hii, we! Imetaja faili. Imetaja mstari. Imetaja mpaka herufi ya ngapi. Machozi yakanilenga, hatimaye nimepata yenye adabu. Inasema kuna herufi haiwezi kuanzisha tokeni.

Tokeni! Hiyo naijua. Nikanunua umeme wa elfu tano kwa hela yangu, nikaingiza namba kwenye mita ya ofisi, nikarudi nikawasha tena.