Mwongozo wa Bima kwa Dereva wa Jana

Hongera. Leseni umepata. Kwenye picha umetoa macho kama mtu aliyeona simba, lakini daraja D limeandikwa na hakuna wa kukunyang'anya. Gari nalo umeshaliona: Toyota IST rangi ya fedha, milioni 14, muuzaji anaapa lilikuwa la mwalimu wa kike. Umepiga hesabu mara tatu kitandani, na mara zote tatu umesahau bima. Usione haya, mdogo wangu. Sogea hapa nikuelekeze.

Hatua ya kwanza: nunua kila kitu kabla ya bima

Bima ina kasoro moja kubwa: haionekani. Rimu zinaonekana, tinti inaonekana, spika zinasikika mpaka mtaa wa tatu. Hakuna mtu aliyewahi kusimama pale Mwenge akamgusa mwenzake begani na kusema, "Mcheki yule, ana bima kubwa." Basi anza na rimu. Fuata spika. Kisha lile zulia jekundu la kwenye dashibodi, na kitu cha harufu cha kuning'iniza kwenye kioo. Kitakachobaki mfukoni ndiyo bajeti ya bima.

Hatua ya pili: ijue tofauti, halafu ipuuze

Bima ndogo ya gari binafsi ni 100,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, unapata 118,000 kwa mwaka. Inamlipa uliyemgonga. Gari lako wewe linabaki msiba wa familia. Uzuri wake ni kwamba haiulizi umri: mzee wa miaka 60 ambaye hajawahi kukwaruza hata ukingo wa barabara, na wewe uliyeng'oa geti la kwenu juzi, mnalipa sawasawa.

Bima kubwa inalipa na la kwako. Kwa gari binafsi piga asilimia 3.5 ya thamani: milioni 14 inakupa 490,000, na VAT juu yake 88,200. Jumla 578,200. Najua, umekaa chini. Ukigawanya kwa siku za mwaka ni shilingi 1,584, karibu sahani moja ya chipsi kavu kwa siku. Tatizo ni kwamba chipsi unalipa kidogo kidogo, na bima inataka zote siku moja. Wakala wa bima si Mangi wa dukani. Hana lile daftari la madeni.

Hapo ndipo kijana mwerevu hupiga hesabu nyingine. Faini ya papo kwa papo barabarani ni 30,000 kwa kosa. Kwa hiyo ukiacha kabisa kukata bima ndogo, unaweza kukamatwa mara tatu kwa mwaka na bado ukabaki na chenji ya 28,000. Hesabu nzuri sana. Ina upungufu mmoja tu: kutoka Kimara mpaka Posta unaweza kukutana na trafiki watatu kabla hujanywa chai. Na usitegemee zile stika za bima za kuchapishwa uchochoroni. Siku hizi mwenye shaka anaingiza namba ya gari kwenye simu, na mfumo wa mamlaka ya bima unamjibu palepale, bila kuangalia kioo chako wala uso wako wa huruma.

Hatua ya tatu: lidhalilishe gari lako

Umeamua bima kubwa? Safi. Wakala akiuliza thamani, kunja uso kama uliyefiwa. "Ah, kagari tu hako. Milioni saba." Papo hapo umeokoa karibu nusu ya ada. Kumbuka tu kwamba gari moja linaweza kuwa na bei tatu kwa siku moja: saba kwa wakala, 14 kwa washkaji, 16 kwa atakayetaka kulinunua.

Sasa ukiligonga, na fundi wa bodi akaandika milioni mbili, usishangae kampuni nayo ikijua hesabu. Kama mkataba una kipengele cha uwiano watakwambia: ulikatia nusu, tunalipa nusu. Milioni moja. Halafu kwenye hiyo milioni wanatoa eksesi, yaani kile kipande cha hasara ulichokubali kubeba mwenyewe siku ile uliposaini bila kusoma.

Hatua ya nne: mkabidhi mzee usukani, kwenye karatasi

Mikataba mingi ya bima kubwa ina kamstari kadogo: dereva mwenye umri mdogo au leseni mpya anabeba eksesi ya ziada. Hapa ndipo baba anapata kazi. Fomu ikiuliza dereva mkuu ni nani, jaza jina lake, yeye ambaye tangu afanyiwe upasuaji wa macho haendi popote zaidi ya msikitini, tena kwa miguu.

Mpango huu hauna dosari mpaka saa tisa usiku, gari likiwa limepanda tuta la maua nje ya baa moja Sinza. Fomu ya madai itauliza nani alikuwa akiendesha. Ukijibu "Baba," andaa na jibu la swali linalofuata, kwamba mzee wa miaka 67 alifuata nini pale, na kwa nini alikuwa amevaa viatu vyako. Na hata usipogonga kitu, lile punguzo wanalopewa wasiodai mwaka mzima linajikusanya kwenye jina lake, si lako.

Shukuru lakini hukuzaliwa Uingereza. Kule kijana wa miaka 17 anaweza kudaiwa bima inayozidi bei ya gari lenyewe, na ili wampunguzie wanamfungia kisanduku ndani ya gari kinachoripoti alivyokanyaga breki na alirudi saa ngapi. Huku kwetu kisanduku hicho ni jirani.

Hatua ya tano: lifanye gari lijilipie

Nina maana lisajili kwenye programu ya abiria jioni jioni, na bima iache ileile ya gari binafsi. Kubeba abiria kwa pesa hakumo kwenye bima hiyo. Siku ya ajali, mwambie abiria wa nyuma ajitambulishe kama binamu. Mkishindwa kukubaliana jina la shangazi, basi.

Hatua ya sita: jifunze neno "tumalizane"

Hili nimelifanya mwenyewe, kwa hiyo nina uzoefu. Wiki ya pili barabarani, pale taa za Morocco, niliubusu ubavu wa bajaji. Ubavu tu. Dereva akashuka taratibu. Akalamba kidole, akasugua mkwaruzo. Haukutoka. Akalamba tena. Watu wawili waliokuwa wakienda zao wakawa wazee wa baraza, na mmoja akauliza kwa sauti leseni yangu ina muda gani.

"Bro, pole sana, kosa langu," nikasema, mara nne, ilhali mkataba wa bima unakukataza kukiri kosa hata mara moja.

"Twende polisi, ajali ikapimwe," akasema mwenye bajaji.

"Kaka, tumalizane."

Akataja 250,000: ya fundi, ya rangi, na ya siku nzima atakayopoteza. Mzee wa baraza wa kulia akasema 100,000 ni ubinadamu. Tukafunga 90,000, nikamtumia kwa simu, na makato ya kutuma nikalipa mimi. Bima yangu ndogo, ambayo kazi yake duniani ni kulipa mkwaruzo kama ule, ilikuwa hai kabisa na ina miezi kumi na moja mbele yake. Haikuambiwa chochote. Niliikata kwa ajili ya trafiki, na trafiki hakuwepo.

Nawe ukifika hapo, fanya hivyohivyo, ila kwanza hakikisha hakuna aliyeumia. Mguu wa mtu haumalizwi kando ya barabara. Unaenda na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na unarudi baada ya miezi miwili na wakili.

Hatua ya mwisho: mpigie mzee

Ukifika hapa simu haikwepeki. Chagua muda mzuri, baada ya magharibi, akiwa ameshakula. Usianze na gari. Anza na salamu, uliza macho yanaendeleaje, uliza mbuzi, uliza kama mvua imenyesha. Vuta pumzi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Gari imefanya nini?"